Mafuta ya Upako kwenye Raba za Pijo

Gakenia, niko gereji ya Idd na sijui uso nitauweka wapi.

Unakumbuka Pijo ya marehemu mume wangu, ile gari ya mwaka themanini na sita, ilivyokuwa ikigonga mguu wa mbele, nikapaka raba zinazoshika mguu huo mafuta ya upako? Ikanyamaza. Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani.

Leo nikimpeleka Mchungaji kule Katito imegonga kuliko mwanzo. Idd akaingia chini.

"Mama, nani amemwaga mafuta hapa? Mafuta yanakula raba. Zimeisha."

Nani amemwaga. Na Mchungaji amesimama kando yangu.

Nikasema ni mimi. Nikangoja kuambiwa nirudi kanisani nikafute ule ushuhuda.

Mchungaji akakohoa. "Idd, ukimaliza ya Mama, angalia na yangu. Nilipaka Jumatatu."