Manowari ya Musyoka Haikuzamishwa na Wajapani

Musyoka ndugu yangu,

Nina miaka sabini na moja. Nimewazika makafili wawili, mabosi walioshika viza yangu, nimepita ndui na nyoka, na wewe kijana wa juzi umenitangulia. Hilo sikusamehe. Lakini leo ugomvi wangu ni na Katana, yule dereva wa bosi.

Ulihamishwa Riyadh, ukafia chumbani kule Al-Shumaisi. Mwili wako haujapanda ndege, Katana keshamwambia bosi kwamba ile sanamu ya manowari ya Warusi aliichonga yeye. Manowari uliyoihangaikia miezi minane kibandani kwangu, hapa langoni kwa bosi, Al-Hamra, dohani zote nne. Mimi ndiye niliyekushikia mbao. Bila mimi ungechonga mwiko.

Ijumaa bosi akaalika wageni. Nduku wa jikoni alipeleka kahawa, nami nikabeba tende, sikuitwa na mtu. Katana kasimama kando ya meli, kifua mbele. Mgeni akamuuliza meli hiyo iliishaje. Akajibu, "Wajapani waliizamisha, bosi."

Nikaweka sinia chini. Nikasema kwa Kiarabu changu cha langoni, mafi, hakuna kitu, huyu mwongo. Nikawapa yote uliyonifundisha: Warusi walipigana mpaka meli ikainama ubavu, wakaizamisha wenyewe adui asiipate. Wajapani wakaiibua, wakaibandika jina lao, wakafundishia mabaharia wao. Baadaye Warusi wakainunua tena, Waingereza wakaichukua, ikafia kwenye miamba ya Uskoti. "Aliyeichonga aliyajua haya," nikasema. "Huyu mpeni kisu achonge hata kasia."

Katana akaninong'oneza, "Mzee, utanifukuzisha."

"Ndiyo nia," nikamwambia.

Bosi akasema halas, basi imetosha. Hakumfukuza, ila sasa Katana anaosha magari juani, na kila nikifungua lango namuuliza, "Fundi, meli inaendeleaje?" Naona raha, Musyoka. Padri angenikataza, lakini padri hayuko huku.

Kisha nikachukua kisu chako, nikachonga jina lako kwenye kibao cha chini ya meli, herufi moja moja, nikinakili kutoka karatasi ya ikama yako, kile kibali cha kuishi huku. Siku nne. S imegeuka nyuma. Bosi ameliona, ameliacha.

Lala, ndugu yangu. Nikirudi Kenya nitapita kwa mama yako kwanza, nimwambie jina lako liko wapi. Halafu nitapita kwa mama yake Katana, majirani wakiwepo.

Anayedhani nazidisha amuulize Nduku, alikuwa ameshika birika. Au amuulize Katana mwenyewe. Siku hizi anasema kweli.