Taa Niliwasha Mimi, Sifa Kachukua Injinia

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikipita ushauri wako utanikuta nimeshaharibu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani chumba cha nyuma, na mume wangu ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, ila mtaani wanamwita Injinia, jina alilolipata siku alipofunga kile kifaa cha kuongoza nyumba kwa simu, yaani taa, feni, soketi na kufuli la mlango vyote vinasikiliza kisanduku kimoja kilicho juu ya kabati la sebuleni, sisi tunakiita ubongo. Mama, sitakuficha, naringa na nyumba yangu, mgeni akiingia taa inawaka kabla hajafika kwenye kochi na mimi najifanya sioni anavyoshangaa.

Sasa ule ubongo ukazeeka, ukawa unasahau, unauambia uzime feni unawasha taa ya choo, na kampuni ikatangaza kwamba mpya unakuja, basi mume wangu akawa kama mtu anayesubiri mtoto wa kwanza, kila jioni anafungua simu kuangalia umefika wapi, akaupangusia nafasi kabatini, akanipa vipimo alivyovitoa kwenye picha nikaushonea kifuniko cha mahameli kabla hata haujafika. Ulipofika Jumapili aliita majirani waje waone. Akauchomeka mpya, akauzima wa zamani akaurudisha kwenye boksi, akaziambia taa haya, hamieni huku, na haikuwaka hata moja. Akabonyeza simu mpaka vidole vikachoka, majirani mmoja mmoja wakaanza kukumbuka kwamba wameacha vyungu motoni, wakaaga, na Injinia wangu akala ameinamia sahani.

Kesho yake alipokwenda kazini niliacha gauni la mteja kwenye cherehani nikaenda sebuleni. Nikafikiri kishonaji: huwezi kuhamishia kifungo kwenye shati jipya kama hujafumua uzi uliokishika kwenye shati la zamani, na hizi taa nani kazifumua? Nikautoa ubongo wa zamani kwenye boksi, nikauwasha, nikaondoa humo taa moja moja na kuitambulisha kwa ubongo mpya kabla ya kugusa nyingine, taa ya stoo ikanisumbua mpaka nikapanda stuli, nikawa naizima na kuiwasha hadi iliponikonyeza. Kufuli la mlango lilipoitika nilijipigia makofi peke yangu. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kiasi kile, hata gauni la harusi la wifi yangu halifikii.

Jioni aliporudi, taa ya mlangoni ikawaka kumpokea. Akaitazama, akacheka, akasema, "Nilijua tu. Ubongo ulihitaji kupumzika, umejipanga wenyewe."

Mimi nikaitikia ndiyo. Ile furaha yake ndiyo iliyonifunga mdomo, na haukupita muda mtaa mzima ukawa umesikia, kisha kaka yake mkubwa akapiga simu. Huyu kaka, Mama, tangu utotoni anamwita mume wangu debe tupu, hajawahi kumwomba hata ushauri wa kutundika picha ukutani, na leo anamwomba akamhamishie nyumba yake nzima, ubongo wa zamani kwenda mpya, Jumamosi, na wazee wa familia watakuwepo. Baada ya ile simu mume wangu alikaa kitandani, macho yamejaa maji, akasema, "Mke wangu, kaka ameniita."

Nikimwambia ukweli namvunja, nikinyamaza anakwenda kuumbuka mbele ya mtu ambaye maisha yake yote ametaka kumwonyesha kwamba naye ni mtu, na mimi pia ni binadamu, nataka japo mmoja duniani ajue nani aliwasha zile taa. Jana kaniuliza kama Jumamosi nina nguo za watu, nikasema ninazo, halafu akauliza taa ya stoo ilikuwa na tatizo gani, nikasema sijui, nikarudi kushona. Nifanye nini?

Mimi, Mshona Siri

*

Mshona Siri,

Marahaba. Kwanza pokea hongera yako, maana naona umeisubiri. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na fundi wetu wa mitambo ameacha chai yake ipoe akikusikiliza. Umefanya kazi ya kujivunia, mwanangu, na ujivunie. Sasa kaa nikuseme.

Umemdanganya mtu mzima kwa kumhurumia. Kaka yake anasema kwa mdomo kwamba mumeo hana uzito, wewe unasema hivyo hivyo kwa kunyamaza. Hilo likuume kidogo. Na mumeo naye asijione amepona: msimamizi anayeamini kwamba vitu vimejipanga vyenyewe, mimi nisingempa funguo za ghala langu.

Ila haamini. Hebu soma tena mwisho wa barua yako. Mume anayedhani taa zimehama zenyewe anakuulizia Jumamosi yako ya nini? Na nani alimwambia kwamba taa ya stoo ilisumbua? Ile stuli uliirudisha mahali pake? Sidhani. Mwenzio ameshajua. Anapiga hodi kwa adabu, na wewe umemwacha nje mara mbili.

Leo akirudi, usingoje ashibe. Mwambie: "Taa nilihamisha mimi, na Jumamosi sina nguo za watu." Omba radhi kwa uongo, usiombe radhi kwa kazi. Akinuna, mwache anune mpaka amalize. Kisha rudisheni taa mbili kwenye ubongo wa zamani, ya stoo iwemo, azihamishe upya kwa mikono yake, na wewe ubane midomo yako kama unavyoibana ukiwa na pini mdomoni. Kile kifuniko cha mahameli kivue, kifaa kinapata joto. Mshonee mumeo shati.

Jumamosi mwende wote, na ubongo wa zamani wa kaka usizimwe mpaka kila taa imetoka humo. Yeye azungumze na wazee, wewe upande stuli. Na umwombe jambo moja tu. Kazi ikiisha, kabla hajapokea asante ya mtu, amtazame kaka yake aseme, "Hii nimefundishwa na mke wangu."

Akiweza kulitamka hilo mbele ya wazee, kaka mtu itambidi amtafutie jina jingine.