Waya wa Nne wa Bubu

Baba Zuwena,

Kosa lilikuwa lako. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika, na mimi nimeshaapa kuandika. Dua zangu unazipata kila baada ya sala. Lakini kosa lilikuwa lako, halikuwa la betri.

Namsema Bubu, kile kigari cha gofu cha Bwana Seif, alichokinunua hoteli ya kaskazini ilipofungwa. Jina ulimpa wewe, kwa kuwa hana sauti: anapanda kutoka dikoni, bandari ya wavuvi hapa Tumbe, na matenga ya samaki, na mtu hajui kama yupo mpaka amguse buibui lake. Ulituacha Bubu akiwa uani kwetu, kando ya kibanda chako, kiti kimefunuliwa na betri zake sita ziko wazi. Ugonjwa wake unaujua. Ukimchaji mpaka akashiba, anakwenda vizuri kutoka mlangoni hadi kisimani, kisha analegea na kusimama. Ukimpumzisha, anakwenda tena kidogo, halafu yaleyale.

Arubaini yako haijafika, kaka yako Makame akaja. Alikaa barazani, mimi nikiwa nyuma ya pazia na eda yangu. Alinipa pole vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema msimu wa karafuu unakaribia, hana pa kuweka magunia, kiwanja ni cha ukoo, na kile kibanda sasa kimekaa bure.

"Fundi keshakufa, shemegi," akasema. "Kibanda cha fundi bila fundi ni banda la kuku."

Nikamwambia fundi yupo. Akauliza nani. Hapo nilinyamaza, Baba Zuwena, na nataka ujue kwa nini. Miaka yote ile hukunitaja hata siku moja mbele ya watu. Mgeni akiingia na kuniona nimeinama juu ya redio yake, ulikuwa unasema, "Huyo ananishikia tochi." Mikono yako ilipoanza kutetemeka, mimi ndiye niliyekuwa nalehemu, na wewe ndiye uliyekuwa unatoka nje kupokea shukurani. Sikulalamika. Nilikuwa nakupenda, na nilidhani kupenda ndiko huko. Siku ile nikiwa nyuma ya pazia nikasema: "Ni mimi, Time."

Makame alicheka, lakini si kwa ubaya. Akasema basi Bubu akitoka uani kwa nguvu zake mwenyewe kabla eda yangu haijakwisha, kibanda ni changu na yeye hatasema tena. Asipotoka, atatia karafuu.

Bwana Seif naye alikuwa amechoka kungoja. Alileta fundi mmoja kutoka Gombani, kijana mwenye mita mpya nzuri. Nilimtazama kwa tundu la pazia. Akagusa betri moja, ya pili, ya tatu, Bubu kasimama tu, hajachajiwa wala kukanyagwa hata mara moja. Akasema zote sita zimekufa, zitupwe. Nilitamani ungekuwapo uone. Maneno yako yalinijia mdomoni nikayameza: betri iliyolala haisemi kweli, iamshe kwanza. Bwana Seif akasema atafikiri. Nami nikamtumia salamu kwa binti yetu Zuwena kwamba asitupe kitu, aniachie.

Hapo wifi zangu wakaanza. Mwenye eda hashiki nyaya. Mwenye eda hajitii harufu yoyote. Mwenye eda anakaa na tasbihi. Nikamtuma Zuwena kwa shehe wa msikiti, akaulize vizuri na arudi na jibu zima, asilipunguze. Akarudi nalo: "Mwambie mama yako asitoke nje ya ua, asijipambe, asijitie manukato. Maji ya betri si manukato." Nikafunga kanga kuukuu kifuani, nikaingia kazini.

Nisikilize sasa, maana hili ndilo utakalolipenda.

Kwanza nilifungua vichwa vya betri vyote, nikasugua kutu ya kijani, nikaosha juu kwa maji ya magadi, vifuniko vimekazwa ili yasiingie ndani. Uchafu ule ulikuwa maji ya samaki. Matenga yanavuja juu ya kiti, kiti kimechanika, na chumvi yote inateremka juu ya betri. Kisha tukamchaji Bubu mpaka akashiba, tukampandisha nyuma juu ya matofali, magurudumu yazunguke hewani. Zuwena akakaa, mguu mmoja kwenye kikanyagio cha moto na mwingine kwenye breki kidogo, ili mota ipate kazi ya kweli. Nikapima betri moja moja zikiwa zinavuta. Zote sita zilisimama imara. Nikarudia, kwa kuwa sikuamini. Imara.

Basi betri ni nzima. Lakini nilipopima kwenye mota, umeme ulikuwa unafika pungufu. Kuna anayekula njiani. Nikafanya ile yako: ncha moja ya mita mwanzo wa waya, ncha ya pili mwisho wake, waya mmoja baada ya mwingine, Zuwena akikanyaga. Waya mzima hauonyeshi kitu. Wa kwanza haukuonyesha kitu, wa pili, wa tatu. Wa nne, mita ikaruka. Nikamwambia Zuwena aachie, nikaugusa kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa wa moto kama birika.

Katikati ya waya ule palikuwa na tepu nyeusi. Na mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kama kisikio, ili siku nyingine ushikike kwa urahisi. Nani mwingine hapa kisiwani anakunja tepu hivyo? Nilikaa chini mchangani. Zuwena aliniuliza mara mbili nimepatwa na nini.

Siku uliyouunga naikumbuka. Ulirudi kutoka dikoni uso umekuwa mwingine, kwa sababu mpumbavu mmoja alikwambia mbele ya watu kwamba siku hizi fundi ni mama watoto. Mimi nilikuwa nimeshapasha moto chuma cha kulehemu. Ukaniambia, "Leo kaa ndani, Mama Zuwena." Ukafunga mlango wa kibanda. Nikakusikia unaangusha spana, unaiokota, unaiangusha tena. Nikakaa jikoni nikakuna nazi ambayo hatukuihitaji.

Ndani ya tepu waya ulikuwa umesokotwa tu kwa vidole. Hakuna risasi ya kulehemu, hakuna kichwa cha shaba. Nyuzi nyingi zimeliwa na chumvi, zilizobaki zinahesabika. Zikipata moto zinalegea, zikipoa zinashikana. Ugonjwa wote ni huo. Wewe, uliyenifundisha kwamba tepu ni kanga ya waya, inasitiri lakini haitibu. Nilikasirika, Baba Zuwena. Nilikasirika juu ya maiti, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti, "Ungeniita!" Hatua kumi kutoka kibandani hadi jikoni. Ungeniita tu.

Kisha nikalia, na kile kilio ndicho nilichokuwa nimekizuia tangu siku ya mazishi.

Nilipomaliza nikaukata waya wako. Nikatia mpya, mnene, wa mashine ya kuchomelea, vichwa vya shaba pande mbili, nimebana na nimelehemu. Chini ya kiti nikatandika turubai lenye mteremko, maji ya samaki yaende nje. Tukamshusha Bubu. Zuwena akazunguka naye ua mara saba, kuku wakitawanyika, kisha lango likafunguliwa, akatoka naye hadi barabarani. Mimi nilibaki ndani ya ua, kama nilivyoagizwa. Nilisikia tu watu wanapiga vigelegele, maana Bubu mwenyewe hasemi.

Makame akaja jioni. Hakuniambia pole wala hongera, akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Nikamwambia kiungo kibovu. Akauliza nani alikiunga. Ningeweza kusema sijui. Tena ingekuwa heshima. Lakini nimechoka na heshima ya namna ile, inayomficha mmoja ili mwingine aonekane. Nikasema ni wewe, mikono yako ikitetemeka, na kwamba kabla ya hapo miaka mingi mikono iliyolehemu ilikuwa yangu.

"Marehemu kaacha jina, shemegi," akasema. "Weye wataka ulitie doa?"

Nikamjibu kwamba jina la fundi mzima halifi kwa waya mmoja, na jina langu nalo halitazikwa pamoja na lako. Alipoondoka alisema magunia yake atayapeleka Wesha kwa mkwewe.

Eda inakwisha keshokutwa. Bwana Seif ameshawaambia wenzake, na tayari kuna friji mbili barazani na pampu ya mtu wa Konde. Shemegi yako mdogo wa mjini, yule mke wa Makame, ameniletea pasi yake kwa siri, imefungwa kwenye kitambaa, anasema nisimwambie mumewe. Nimemwambia nitaitengeneza, ila aje kuichukua kwa mlango wa mbele.

Zuwena anataka kujifunza. Nakuahidi hili, na ndiyo ahadi pekee niliyo nayo: siku atakayounga waya wake wa kwanza, mtu akiingia akauliza nani huyo, nitamtaja kwa jina lake, mbele ya yeyote.

Nimekusamehe. Nawe nisamehe kwa kukasirika, na kwa kusema. Mungu akutie nuru ulipo, akulaze pema. Najua ulikuwa unapenda kuniharakisha tukiwa na safari, unasimama mlangoni na kofia mkononi. Safari hii usinisimamie mlangoni. Nitachelewa sana, nina kazi.

Mkeo,
Fundi Time