Pete Yangu Ilivyofeli Somo la Umeme

Jumanne

Sasa naweza kucheka, lakini asubuhi darasani nilitaka kulia.

Gredi ya Nne walikuwa wanapima vitu kwa betri, waya na balbu. Kijiko cha chuma kikaiwasha. Rula ya plastiki ikashindwa. Wambui akasema, "Mwalimu, tujaribu pete yako."

Nikaivua kwa madaha. Mchumba wangu Kamau aliapa ni dhahabu. Balbu haikuwaka. Tukabadilisha betri. Wapi!

"Pole, Mwalimu," Wambui akaninong'oneza. "Ni plastiki."

Jioni nikampigia Kamau simu, nimejiandaa kwa vita. Nilipomweleza, akashtuka. "Ngai! Na ile nilinunulia mum?"

Basi hakunidanganya, yeye pia aliuziwa uongo. Lakini mama mkwe huko Ruiru ataambiwa na nani?