Mti Wangu Umekataa Kufika Dirishani

Mpendwa Shangazi wa redio, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko, barua hii naiandika juu ya meza ya cherehani huku mteja amesimama nyuma yangu anauliza kama gauni lake litakuwa tayari leo, jibu ni hapana ila sijamwambia bado. Nakuomba unijibu kwenye kipindi cha kesho, tafadhali isiwe cha wiki ijayo, kwa sababu jambo langu lina mwisho na mwisho wenyewe ni Jumamosi saa nne asubuhi.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mjane mwaka wa tisa huu, nashona nguo za kike kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na nje ya dirisha la cherehani nina kibustani cha hatua nne kwa tatu, kidogo kiasi kwamba ukianika shuka mbili bustani imekwisha. Miaka mitatu iliyopita nilitaka mti, Shangazi, mti tu, ila usinizibie mwanga wa kushonea, usinimwagie majani mlangoni, na usichukue nafasi, na binti yangu, anayefundisha chekechea na ana ulimi kama wa watoto wake, akasema mama unachotaka ni picha ya mti.

Basi kuna muuza miche mtaa wa pili, mimi namwita Bwana Miche, mtu mpole, mgane, wa umri wangu au amenizidi kidogo, alikuwa mteja wangu wa kushonesha magoti ya suruali, maana kazi yake ni ya kupiga magoti kutwa. Alikuwa akileta suruali moja kwa mwezi, halafu mbili, halafu kila wiki, na Shangazi, mimi nimeshona miaka thelathini, najua tundu la kuchakaa na najua tundu la kisu. Zile suruali za mwisho zilikuwa zimekatwa! Zimekatwa kwa kisu, kwenye goti, mstari umenyooka, kitambaa kizima kabisa! Nilizishona nikiwa nimeuma midomo nisicheke.

Nilipomwambia nataka mti hakufikiri hata kidogo, kesho yake akaja na mche unaonifika kiunoni, mwembamba, majani ya kijani ambayo alisema hayatapukutika mwaka mzima, matawi yote yameinama chini kama nywele zilizotoka kuoshwa. Akasema, "Fundi, huu hauombi nafasi, unaishi kwa kwenda juu, ukipelekwa." Akachimba, akapanda, akashindilia udongo kwa viganja, kisha akasimama anatazama viatu vyake na kusema, nakuandikia maneno yake kama yalivyo, "Siku ncha ya mti huu itakapofika ukingo wa juu wa dirisha lako, nitakuja na neno. Usipofika, sitakusumbua." Akaegemeza ukutani mwanzi mmoja mrefu, umenyooka, unapita dirisha, akaweka na kibunda cha kamba laini, akasema, "Hivi ni vya kwako, utajua mwenyewe." Akaondoka mbio nusura aache jembe.

Neno! Shangazi, mwanaume anayekata suruali zake mwenyewe ana neno gani jingine? Siku ile nilishona mkono wa blauzi mahali pa shingo.

Nikaanza kungoja. Kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani natoka na tepu yangu napima mti. Mwaka wa kwanza ukapanda kidogo, ukafika kifuani, nikashangilia, halafu ncha ikainama. Ikainama, Shangazi, ikaanza kushuka! Mwaka wa pili ukarefuka sana ila wote kwa kwenda chini, mwaka wa tatu matawi yamefika ardhini yanaburuta kama gauni la bibi harusi mfupi, na kimo ni kilekile cha kifuani. Nimeutilia mbolea, nimeuimbia, nimeugombeza, kuna siku nilishika mkasi nikataka kuukata pindo angalau upendeze, na binti yangu anasema, "Mama, mti wenyewe umekukataa, achana nao."

Na yeye Bwana Miche akaanza kupungua. Nakumbuka siku yenyewe. Aliingia dukani na suruali, akatazama juu, akaona ule mwanzi wake nimeutundika kwenye ndoano mbili na nimeutundikia magauni yaliyokwisha, maana ni mwanzi mzuri ajabu, haupindi hata ukiupa magauni kumi na mawili. Akasema, "Naona mwanzi umepata kazi." Nikamjibu kwa furaha zote, "Umenisaidia sana, nguo hazikunjamani tena!" Akaomba maji, akanywa, akaenda. Tangu hapo suruali zikaja chache, tena za kuchakaa kweli.

Juzi Jumatatu amenitumia ujumbe kwamba anahamishia miche yake kwa dada yake, mji wa mbali, mwisho wa mwezi, na Jumamosi atapita kuuona mti mara ya mwisho. Mara ya mwisho! Nilishikwa na kiwewe, na hapa ndipo dhambi yangu ilipo, Shangazi, usinizomee hewani. Jana mchana nilipanda stuli nikaishika ile ncha iliyoinama, nikainyanyua taratibu, nikaifunga kwenye nondo za dirisha kwa utepe wa satini uliobaki kwenye gauni la harusi. Ikafika! Ikafika ukingo wa juu na ikapita kwa vidole vinne! Matawi yakashuka yamenyooka pande zote, nikaona uzuri ambao sijawahi kuuona, nikaruka juu ya stuli napiga vigelegele, na ndani kuna mteja amejaa pini kiunoni anauliza kuna nini.

Ila roho haitulii. Binti yangu amekuja jioni akasema, "Mama, huo ni udanganyifu, mti haukufika, umeufikisha wewe." Na ni kweli. Sasa niufungue, ncha ianguke, nimwambie ukweli halafu aende zake? Au ninyamaze, nipate neno langu kwa hila na niishi nalo? Nampenda, Shangazi. Nimeandika, basi. Nampenda na sina miaka mitatu mingine ya kungoja mti.

Ni mimi,
Fundi wa Dirishani.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Kaa chini. Weka mkasi mbali, nitakueleza kwa nini baadaye.

Nilipomaliza barua yako nilicheka hadi fundi mitambo wetu akaja kuangalia kama niko salama, halafu nikampigia simu mtunza bustani mmoja ninayemwamini, niwe na hakika kabla sijakugombeza. Nimepata hakika. Sasa nakugombeza.

Mti wa aina yako haupandi juu wenyewe. Hata uupe miaka thelathini. Ncha yake inainama, na ukiuacha unatambaa chini kama zulia. Unafika juu pale tu mtu anapousimikia mwanzi ubavuni, akaifunga ncha kwa kamba laini, na kila inaporefuka akaifunga tena juu kidogo. Kimo chake ni kile ambacho mwenye bustani ameamua. Umesikia? Ameamua.

Basi rudi siku ile. Mwanaume mwenye haya, anayejua miti kuliko anavyojua kuzungumza, anakuletea mti ambao hauwezi kufika dirishani bila mkono wako. Anakuachia mwanzi unaopita dirisha. Anakuachia kamba. Anasema ni vya kwako. Mama wee, hakukupa mtihani wa kungoja! Alikuachia uamuzi wote ili ukimtaka uufunge mti, na usipomtaka uuache ulale, naye asikusumbue wala asikuaibishe. Sijawahi kupokea posa ya adabu namna hiyo katika kipindi hiki, na nimeendesha kipindi hiki muda mrefu.

Na wewe mwanzi ukautundikia magauni.

Kumi na mawili! Akaja kwa macho yake akaona jibu lake limegeuka henga la kutundikia nguo, na ukamwambia kwa furaha kwamba nguo hazikunjamani. Masikini ya Mungu, ndiyo maana aliomba maji. Mwaka mzima anapita mtaani anaona mti umelala, anaamini umemkataa kwa upole, na wewe uko ndani unapima kwa tepu. Yeye naye ana lake, kwa sababu angeweza kufungua mdomo, lakini mtu anayekata suruali nzima kwa kisu ili apate kisingizio ameshakuonyesha mdomo wake unafika wapi.

Kwa hiyo futa neno dhambi. Ulichofanya juzi kwa utepe wa satini ndicho ulichotakiwa kufanya tangu mwaka wa kwanza. Binti yako mpe salamu, mwambie amekosea nusu: ni kweli mti umeufikisha wewe, na hilo ndilo lililokuwa linangojwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana Jumamosi si mbali. Leo hii teremsha magauni kutoka kwenye mwanzi, ya wateja uyapeleke kwa wenyewe, na lile la mteja aliyekuwa nyuma yako ulimalize, haya. Chimba shimo jembamba karibu na shina, usikate mizizi, kisha usimike mwanzi hadi usitikisike. Utepe wa satini uutoe, unateleza na nondo zitachubua ncha. Tumia kamba yake, unayo bado, nakujua wewe hutupi kitu. Usikaze. Acha nafasi ya kidole kati ya kamba na shina, na kila mwaka ulegeze, maana shina linanenepa. Huo mkasi nilikwambia uuweke mbali kwa sababu mti huu ukikatwa hadi kwenye tawi la zamani lisilo na majani hauchipui tena, utabaki na magoti wazi maisha yake yote. Matawi yakiburuta, yaache yaburute.

Lakini ncha, Fundi, ncha usiifunge leo wala kesho. Iache iname. Jumamosi saa nne ukisikia geti, uwe umeshapanda stuli, kamba mkononi, na uinyanyue mbele ya macho yake hadi ukingo wa juu wa dirisha na upitishe vile vidole vinne. Usieleze kitu. Kuhusu magauni utamweleza baadaye, mtakuwa na muda. Ukimaliza kufunga, usishuke. Subiri neno lako ukiwa hapohapo juu.

Na wewe bwana, kama redio yako imewashwa huko kwenye miche: hujasikia kitu. Funga mizigo yako taratibu, bila haraka. Jumamosi vaa suruali nzima, fika kwa wakati, na ukikuta mtu amepanda stuli bustanini, weka haya zako chini uishike hiyo stuli.