Shela Nyeusi ya Pasaka

Flemingdon Park, Toronto

Dada yangu mpenzi Kanizfatema,

Salaamun alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi. Mama anakula, anasali, na bado anashikilia kwamba Toronto nzima hakuna anayejua kupika kuku wa kupaka. Ila mimi nina hofu, dada, wala sitakuficha.

Unamjua Erlinda, yule Mfilipino anayemhudumia Mama nikiwa kazini. Pasaka iliyopita alitusimulia, mimi na Mama, sikukuu ya utoto wake. Kwao, alfajiri ya Pasaka, mji mzima hutoka na mishumaa kuifuata sanamu ya Bibi Mariamu iliyofunikwa shela nyeusi. Mtoto wa kike huvishwa mbawa za malaika, akashushwa kwa kamba ili aifunue. Shela ikinasa, watu huogopa mwaka wa balaa. Erlinda alichaguliwa akiwa na miaka saba, na shela ikanasa. Alining'inia pale akilia, watu wote wakimtazama. Nilimwonea huruma hata usingizi ukanipaa.

Ikaja majlisi ya akina mama nyumbani kwa rafiki yangu Zeenat, Richmond Hill. Ninavyokumbuka, chai ilipopita tu, Mama akaanza habari za kamba na mbawa, eti malaika alikuwa yeye, eti yalitokea Tanga. Wenzetu wakatazamana. Ndiyo maana nilikupigia simu, tukakubaliana apelekwe nyumba ya wazee kule Pickering.

Juzi nikamfokea Erlinda kwamba hadithi zake zimemvuruga mzee wa watu. Mama akaniita chumbani, akafunga mlango.

“Muache binti wa watu,” akasema. “Kule kwa Zeenat ulianza wewe, Wajiha. Ulisema ulitundikwa kwa kamba, na mimi niko chini nakutazama. Nikakudakia, nikasema ni mimi. Mzee akipotewa na kumbukumbu hakuna anayeshangaa.”

Sikumwamini. Nikampigia Zeenat, nikidhani atacheka. Badala yake akaniuliza kama nimeshamwona daktari. Na linalonitisha zaidi ni hili: hata sasa nikifumba macho naisikia ile kamba ikinibana kwapani, na namwona Mama chini, bado kijana, ameinua uso.

Jumatatu naenda hospitali. Mama amesema atanisindikiza. Habari ya Pickering usiitaje tena, nakuomba, asije akajua tulichotaka kumfanyia. Na uniandikie ya kwetu: Muharram ya Tanga, nani alinibeba nione jeneza la taazia likipita, nilivaa nini, nililia au sikulia. Andika hata nisiyokuuliza, nipate cha kushika.

Mama anakusalimu sana na anakuombea. Erlinda naye anawasalimu. Leo asubuhi nimemwomba radhi. Anasema nilikwisha kumwomba jana.

Usiache kuniombea dua.

Ni mimi mdogo wako,
Wajiha