Picha ya Antonio haiko ukutani

Mama mpendwa,

Huku Keumbu mvua inanyesha kila alasiri, nami nakuandikia nikiwa na aibu. Unajua kazi iliyonileta: kutia alama kwenye ramani kila mahali watu wanapomheshimu Mtakatifu Antonio wa Padua. Wiki jana nilitia alama nyumbani kwa Mama Kemunto, mchuma chai mwenye picha ya mtakatifu huyo ukutani. Leo nimerudi, nikakuta ukuta mtupu. Nikamfokea mbele ya majirani zake kwamba ameiuza.

Hakukasirika. "Picha ni ya jumuiya, mwanangu. Inakaa wiki moja kwa kila nyumba. Sasa iko kwa mgonjwa, ng'ambo ya mto."

Akanipa chai na ndizi mbivu, kisha akawaita majirani wale wale wamwombe Antonio, mtafutaji wa vilivyopotea, anisaidie kupata ninachotafuta. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Nilipofika chumbani ndipo nilipotambua: niliuliza njia ya kwenda kwa mgonjwa, nikaiandika vizuri, lakini anaumwa nini sikuuliza. Wewe ungeanza na hilo.

Ukisali jioni, Mama, unitaje.

Mwanao, Neema